Modeli ya Jengo Mikononi mwa Fundi: Namna ya Kutumia BIM katika Utunzaji wa Majengo Mombasa

Bomba likipasuka usiku katika ghorofa ya tatu ya jengo la ofisi pale Kizingo, mlinzi humpigia simu fundi, fundi humpigia msimamizi wa jengo, na msimamizi huanza kumtafuta mtu anayekumbuka mahali ilipofichwa vali ya kufungia maji. Mara nyingi anayekumbuka ni mzee mmoja aliyekwisha kustaafu. Ramani zipo kabatini, lakini zinaonyesha jengo lilivyokusudiwa, si lilivyojengwa. Pengo hilo ndilo linalozibwa na modeli ya taarifa za jengo, ambayo wahandisi huiita BIM: jengo zima ndani ya kompyuta, ambamo pampu, mlango na vali si mistari ya mchoro tu, bali kila kimoja kina jina lake, mahali pake na maelezo yake.

Wenye majengo wengi hukosea mwanzoni kabisa, kwa kuagiza modeli kabla ya kujua wataiuliza nini. Kaa kwanza na mafundi wa maji, wa umeme na wa viyoyozi, uwaulize ni mambo gani waliyohangaika kuyatafuta katika miezi sita iliyopita, kisha majibu yao uyafanye kuwa orodha ya taarifa utakazodai. Kiwango cha kimataifa cha ISO 19650, ambacho sehemu yake ya tatu ya mwaka 2020 inahusu kipindi ambacho jengo linatumika, kinafuata njia hiyo hiyo: mwenye mali aseme anahitaji taarifa gani, na kwa uamuzi upi, kabla hajaletewa chochote.

Tuchukue kiyoyozi. Fundi hahitaji kuona kila skrubu yake; anahitaji namba ya utambulisho, namba ya kiwandani, aina ya gesi, tarehe kilipofungwa, siku dhamana inapokwisha, swichi inayokikatia umeme, na mahali pa kufungulia dari ili akifikie. Kwa Mombasa ongeza jambo moja ambalo mtaalamu wa bara huenda asilifikirie, nalo ni upande ambao mashine ya nje imeelekea. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi hula mapezi ya alumini, yaani vile vibati vyembamba vya mashine hiyo vinavyotoa joto. Taarifa hiyo ikiwamo, unaweza kuchuja modeli ukapata mashine zote zinazokabili bahari, ukazipangia kuoshwa kwa maji yasiyo na chumvi mara nyingi zaidi kuliko zile zilizojificha nyuma ya jengo. Vivyo hivyo, mahali ambapo maji ya mfereji na maji ya kisima yenye chumvichumvi yanatumika pamoja, kila mkondo upewe jina lake na rangi yake ndani ya modeli, ili fundi mgeni asije akayaunganisha maji ya kisima na hita.

Kwa jengo jipya, masharti haya yaingie katika mkataba wa ujenzi, kwa sababu mkandarasi akishaondoka ni vigumu kumrudisha. Dai modeli katika muundo wa IFC, unaofunguka katika programu za kampuni mbalimbali, na orodha ya vifaa katika muundo wa COBie, ambao kimsingi ni lahajedwali lenye kurasa za ghorofa, vyumba, aina za vifaa, vifaa vyenyewe, vipuri na kazi za matengenezo. COBie haina picha hata moja, na kwa maoni yangu ndiyo yenye faida kubwa zaidi. Nimewahi kukabidhiwa modeli ya kupendeza iliyochorwa hadi vitasa vya milango, ilhali haikuwa na tarehe ya dhamana ya kifaa chochote. Kabla ya malipo ya mwisho, chagua vifaa kumi bila mpangilio, chukua tableti, panda hadi juu ya paa, ukalinganishe kilichoandikwa na kilichopo.

Jengo la zamani lina taabu yake. Usijaribu kulichora lote. Anza na chumba cha pampu, chumba cha umeme na paa, kwa kuwa huko ndiko kwenye gharama. Kipimo cha leza kinafaa sana, hasa katika nyumba za Mji wa Kale, ambazo kuta zake za matumbawe ni nene na hazikunyooka, hivyo kuzichora kwa mistari iliyonyooka ni kuzisingizia. Hata hivyo leza huona uso wa ukuta tu. Bomba lililozikwa ndani litabaki kuulizwa kwa mafundi, na lile ambalo halijathibitishwa liandikwe wazi kuwa ni la kukisia.

Baadaye iunganishe modeli na programu ya kuandikia kazi za matengenezo. Kinachoziunganisha ni namba ya kifaa, kwa hiyo isitokane na jina la mpangaji au la ofisi, maana wapangaji huhama. Namba hiyo na msimbo wake wa QR vichorwe kwenye kibati cha chuma kisichoshika kutu. Karatasi za kubandika hupauka kwa jua na kubanduka kwa unyevu wa Pwani, nawe utajikuta unabandika upya kila mara.

Modeli isiposasishwa hupotosha kuliko ramani ya kabatini, kwa kuwa watu huiamini zaidi. Weka sharti kwamba kazi yoyote iliyobadilisha kifaa haitahesabiwa kuwa imekwisha mpaka fundi apige picha ya kibati kipya na kujaza namba ya kiwandani kwenye simu yake. Mtu mmoja, anayejulikana kwa jina, azipitie taarifa hizo kila mwezi na kuziingiza katika modeli, na yeye peke yake ndiye awe na ruhusa ya kuibadilisha.