SOMO: Kupeleka kikundi cha watu wenye ulemavu ufuoni, Mombasa (someni yote kabla ya kuuliza)

Naandika hili mara moja, ili nikiulizwa tena nielekeze hapa nikalale. Haipiti wiki bila mtu kuniandikia: "Kaka, tuna kikundi chetu Changamwe, tunataka kuwapeleka watu wenye ulemavu bahari, tuanzie wapi?" Mnaanzia hapa. Mimi natembelea magongo tangu utoto, kwa hiyo msitarajie lugha ya "maskini hawa nao wafurahi". Hii ni siku ya michezo kama siku nyingine yoyote ya michezo, ila inataka mpango zaidi.

1. Waulizeni wenyewe. Wako wasiotaka maji kabisa, wanataka dhumna na kahawa kivulini. Hiyo pia ni siku ya bahari. Andikeni daftarini: jina, anatumia nini (kiti cha magurudumu, magongo, fimbo nyeupe, lugha ya ishara), dawa zake, kama ana kifafa, na anavyopenda kusaidiwa akihama kutoka kitini. Hilo la mwisho ndilo kila mtu hulisahau.

2. Barua kwa ofisi ya kaunti. Mapema. Mbebe nakala.

3. Mahali. Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, pale Pirates, Bamburi. Barabara iko karibu na mwamba huvunja mawimbi mbali. Ongeeni na waokoaji siku moja kabla, mkiwa na lile daftari mkononi.

4. Usafiri. Matatu ya kawaida ina vidato virefu, na makanga akiona kiti anaanza hesabu ya mzigo. Kodini gari zima, nauli mpatane kabla ya mtu kupanda. Mtu mmoja mwenye kiti cha kukunja, tuktuk inamtosha. Wanaotoka Likoni wajue kuwa maji yakipwa, mteremko wa kuingilia feri huwa mrefu. Kiti kishuke kinyumenyume, msaidizi akae upande wa chini, na asiharakishwe na umati.

5. MAJI. Hapa ndipo watu huharibu, na sisi tuliharibu mara ya kwanza. Tulipanga Jumamosi saa nane mchana kwa sababu gari lilipatikana saa hiyo. Hakuna aliyetazama mwezi, na ilikuwa bamvua, zile siku maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi. Saa nane tulikuta ukanda mzuri wa mchanga uliolowa, mgumu kama sakafu, viti vikateleza hadi majini kila mtu akicheka. Ilipokaribia saa kumi ule ukanda ulikuwa umemezwa wote. Uliobaki ni mchanga mkavu wa juu, ule wa unga, na magurudumu ya mbele yalizama hadi kwenye ekseli. Vijana wa boti walikuja mbio kusaidia, wakamnyanyua mzee mmoja bila kumuuliza, wawili mabegani na wawili miguuni, shati limempanda hadi kifuani mbele ya ufuo mzima. Mzee alisema asante, lakini hakurudi tena.

Basi shikeni haya. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Siku hizo hapa kwetu maji hupwa sana asubuhi, kati ya saa nne na saa tano, kisha hujaa alasiri, saa kumi au saa kumi na moja. Ukifika saa nne, bahari iko kule mbali. Ukifika alasiri, ufuo haupo. Maji mafu ni kinyume: hujaa asubuhi, tena hayajai sana, ukanda mgumu unabaki na bahari iko karibu. Kwa hiyo chagueni Jumamosi inayoangukia kati ya tarehe saba na tisa za mwezi wa Kiislamu, au ishirini na mbili na ishirini na nne. Fikeni saa tatu. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50, kwa hiyo mkiahirisha safari kwa wiki moja mmehamia bahari nyingine kabisa. Jedwali la maji lipo, na mvuvi yeyote atakwambia bure.

ONYO: Hata siku nzuri, mtu mmoja kazi yake iwe kutazama maji tu. Si kupiga picha, si kupakua pilau.

ONYO LA PILI: Hakuna kumbeba mtu kabla hajasema ndiyo na kueleza anashikwa wapi.

6. Mchanga mkavu. Kutoka lami hadi ukanda mgumu lazeni vipande vya plaiwudi au mazulia ya zamani. Vipande vinne vinatosha, vya nyuma mnavihamishia mbele. Pasipo na plaiwudi, mvuteni mtu kinyumenyume, magurudumu makubwa yatangulie. Ukimsukuma mbele yale madogo yanachimba, na yeye anatoka kitini kifudifudi.

7. Choo. Nendeni na futi ya fundi, mpime mlango. Kiti cha mtu mzima kina upana wa kama sentimita 60 hadi 70. Kisipopita, mjenge chenu: kiti cha plastiki kilichokatwa tundu katikati, ndoo chini yake, leso nne za kuzungushia, maji na sabuni. Mkipuuza hatua hii mtaona watu wanakataa kunywa maji tangu asubuhi, na jua lile, halafu mshangae mbona wanazirai.

8. Jua na ngozi. Mwenye ualbino avae kofia pana na mikono mirefu, apakwe losheni, na akae kivulini jua likipanda. (Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu lina mpango wa kuwapa losheni hiyo waliosajiliwa. Jisajilini.) Aliyeumia uti wa mgongo huenda hatoki jasho sehemu ya chini ya mwili, kwa hiyo anapata joto haraka: mnyunyizieni maji, msisubiri alalamike. Asiyehisi miguu avae sandak na suruali ndefu hata majini, kwa maana mwamba utamkata asijue hadi aone damu. Akitoka avue nguo mbichi. Kukaa na unyevu juu ya kiti saa nzima ndiko kunakoleta vidonda.

9. Majini. Mtu mmoja kwa mtu mmoja, jaketi la kuokolea mwilini, kina kisizidi kiuno cha msaidizi. Mwenye kifafa msaidizi wake hamwachi hata kwa pumzi moja.

10. Michezo. Voliboli ya kukaa inafaa mno ukanda mgumu. Uwanja ni mita 10 kwa 6, wavu mita 1.15 kwa wanaume na 1.05 kwa wanawake, na ukipiga mpira matako yasinyanyuke. Ndugu na majirani wasio na ulemavu nao wacheze, lakini wakae chini kama wengine. Dakika tano tu utaona nani bingwa, na si wao. Boccia (mchezo wa kurusha mipira ikae karibu na mpira mmoja unaolengwa) iwekeni kwa wenye mtindio wa ubongo: mipira sita myekundu, sita ya buluu, na mmoja mweupe wa kulengwa. Ya kununua ni ghali, shoneni ya kitambaa mjaze mtama, gramu 275 hivi kila mmoja. Asiyeweza kurusha atumie bomba la plastiki lililopasuliwa kati, auteremshe mpira humo. Bomba analielekeza yeye kwa neno au kwa jicho. Msaidizi haangalii uwanjani.

11. Picha. Ruhusa kwanza, ya kila mtu. Ndugu mfadhili, hakuna kupiga picha ukimkabidhi mtu pakiti ya unga.

Maswali.

Kijana wa Bombolulu: Kaka somo zuri. Sasa Jumamosi hii maji yanajaa saa ngapi?

Jibu: Hatua ya 5.

Kijana wa Bombolulu: Nimesoma ila mambo ya mwezi yananichanganya. Si useme saa tu?

Jibu: Nikikwambia saa ya Jumamosi hii, ya Jumamosi ijayo utaniuliza tena. Leo ni tarehe ngapi ya mwezi wa Kiislamu? Uliza msikiti wowote, kisha urudi hatua ya 5.

Mama Mapacha, Kisauni: Assalam aleikum. Mwanangu mmoja ana usonji, miaka tisa. Anapenda maji sana lakini kelele za watu zinamtia wazimu, na mchanga ukigusa miguu analia. Nimlete au nimwache?

Jibu: Waaleikum salaam mamangu. Mlete, ila kwa mpango wake. Kabla ya siku yenyewe mwonyeshe picha za mahali, zikifuatana: gari, mti, bahari, gari tena, nyumbani. Fikeni kabla ya kundi, aingie majini pakiwa bado kimya. Viatu asivue, nani kasema lazima? Mtafutie vile vya kuziba masikio wanavyovaa mafundi wa mashine, na mkeka wake kivulini pasipopita watu. Jambo moja tafadhali lishike sana: watoto wenye usonji wengi huvutwa na maji na huondoka kimyakimya. Mvishe fulana ya rangi kali, na apangiwe mtu wa kumwangalia asiye wewe, maana una pacha mwingine pia. Akichoka baada ya nusu saa mwondokeni. Nusu saa ni safari nzima kwake.

Mama Mapacha, Kisauni: Hilo la picha zifuatane sikulifikiria kabisa. Shukran.

Mlipa Kodi: Sina ubaya, lakini pesa za gari na mipira si bora zinunue chakula? Hawa watu wana shida kubwa kuliko kucheza.

Jibu: "Hawa watu" ni sisi, na chakula tunakula. Wewe Jumapili ukienda Pirates nani hukwambia urudi nyumbani kwa sababu hujalipa kodi ya nyumba? Soma kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kuhusu kufika mahali pote pa umma. Ukimaliza soma kifungu cha 30 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Kenya iliridhia 2008: burudani, mapumziko na michezo, kwa jina.

Mlipa Kodi: Nimeuliza tu, hasira za nini.

Jibu: Nimejibu tu.

Kocha, Tononoka: Tuna vijana viziwi wanne kwenye timu ya kandanda. Firimbi haisikiki na mwamuzi anakasirika akidhani wanampuuza. Mnafanyaje?

Jibu: Mwamuzi na wasaidizi wake wote wapewe bendera. Akipuliza anainua, na wachezaji wote wamekubaliana mapema kuwa bendera ikiwa juu mpira umekufa. Ndivyo kandanda ya viziwi inavyochezwa. Ufuoni pia tunapandisha bendera nyekundu kuwaita watu watoke majini, na inasaidia hata wanaosikia, kwa upepo wa Kusi. Na wachezaji wenzao wajifunze ishara kumi za uwanjani. Watakaofundisha ni hao hao wanne, si mkalimani.

Fundi Baiskeli, Mikindani: Niongeze hapo kwa viti. Chumvi inaua beringi. Kiti kikitoka ufuoni kimwagiwe maji baridi ya bomba siku ileile, kikaushwe, kisha grisi. Nimeletewa vingi vimekwama kabisa, mwenyewe anasema "kilikaa tu ukutani".

Jibu: Asante fundi. Tena kiti kizuri cha kila siku kisiingie majini kamwe. Tengenezeni kimoja kikuukuu cha bahari, magurudumu mapana.

Fundi Baiskeli, Mikindani: Ya toroli ya bustani yanaingia, ukibadilisha ekseli. Anayetaka aje tuongee. Na njia ya mbao pale penye ngazi mnaipandishaje?

Jibu: Kila sentimita 1 ya kupanda, sentimita 12 za urefu. Ngazi ya sentimita 20 inataka mbao ya mita 2.4. Najua ni ndefu kubeba. Fupi yake inapindua watu.

Binti wa Mtongwe: Mimi sipendi mchanga, kiti au si kiti. Hakuna kwingine?

Jibu: Bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, tangu iboreshwe 2019 njia zimesakafiwa, kiti kinatembea. Upepo upo, mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili ipo. Boccia huko inachezeka kuliko ufuoni.

Asiyeona, Majengo: Umewasahau wasioona. Mpira wa kengele tunapata wapi? Zamani tulifunga mpira kwa mfuko wa plastiki, unasikika ukibingirika.

Jibu: Kweli, nimewapita. Ujanja ule ulikuwa mzuri, ila mifuko ilipigwa marufuku 2017. Sasa tunachukua karatasi za biskuti, zile zenye kung'aa, tunazungushia mpira kisha tunautia kwenye neti ya vitunguu na kuifunga kwa uzi. Zinachakarika vizuri kwenye sakafu, mchangani kidogo. Kila mchezaji afunikwe macho, hata asiyeona kabisa, ili wenye kuona kidogo wasipate faida. Na watazamaji kimya. Hapo ndipo pagumu, kwa watu wa Mombasa.

Asiyeona, Majengo: Haha. Neti za vitunguu bei gani?

Jibu: Bure. Nenda soko la Kongowea jioni wakifunga, wanazitupa.