Mtoto Kaumwa na Nyuki: Mwiba Kwanza, Dawa Baadaye

Nyuki akiuma huacha mwiba kwenye ngozi pamoja na kifuko cha sumu, na kifuko hicho huendelea kusukuma sumu hata nyuki mwenyewe akiwa ameshajiendea kufa. Sehemu kubwa ya sumu huingia ndani ya nusu dakika ya mwanzo. Anayekimbilia jikoni kutafuta kitunguu kabla ya kuutoa mwiba amegeuza mpangilio, hata kama kitunguu kingekuwa dawa.

Kama ni nyuki mmoja aliyekanyagwa uani, shughulikia mwiba papo hapo. Kama ni kundi, ondokeni kwanza. Nyuki wa Afrika Mashariki ni wakali karibu na mzinga na hufukuza mtu kwa mamia ya mita, na mwiba uliobaki mwilini hutoa harufu kama ya ndizi mbivu inayowaita wenzake. Mfunike mtoto uso kwa kanga au shati, mbebe, ingieni ndani ya nyumba au gari, mfunge mlango. Wachache wakiingia nanyi msirudi nje. Wala usimtumbukize mtoto kwenye bwawa au mto: nyuki husubiri juu ya maji mpaka atoe kichwa.

Mwiba huonekana kama kidoa cheusi katikati ya uvimbe. Ukwangue kwa ukucha. Wengi tumefundishwa kwamba kuubana ni kukamulia sumu ndani, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba kinachoongeza uvimbe ni kuchelewa, si namna ya kuutoa. Ukucha, kibano, ukingo wa kadi, chochote kilicho karibu kinafaa, ila wembe na sindano viache. Usipoona mwiba popote, huenda aliyeuma ni nyigu, ambaye haachi mwiba. Pekua pia nyuma ya masikio, kwenye nywele zilizosukwa na ndani ya nguo, kisha hesabu alama zote. Idadi hiyo utaulizwa hospitali.

Osha kwa maji na sabuni. Akiwa ameumwa mkononi, vua bangili na pete mapema, kwa kuwa baada ya saa moja huenda zisitoke. Kisha weka baridi: barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10, pumzisha dakika 10, rudia. Barafu tupu juu ya ngozi huunguza. Pasipo friji, kitambaa kilicholowekwa maji ya mtungi kinatosha, ukibadilisha kila kinapopata joto. Mkono au mguu uliovimba uegemeze juu ya mto.

Maumivu yanatulizwa na paracetamol. Hesabu miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito: mtoto wa kilo 12 anapata miligramu 180, yaani mililita 7.5 za dawa ya maji yenye miligramu 120 kwa mililita 5. Rudia baada ya saa 6 akihitaji, isizidi mara 4 kwa siku. Soma chupa kwanza, kwani ipo pia ya miligramu 250 kwa mililita 5, na anayepima kwa mazoea humpa mtoto dozi maradufu. Tumia bomba la kupimia, si kijiko cha chai cha nyumbani. Aspirini si ya watoto. Kwa muwasho, mtoto wa miaka 2 hadi 5 anaweza kupewa cetirizine ya maji (miligramu 5 kwa mililita 5), mililita 2.5 asubuhi na jioni. Aliye chini ya umri huo, mwulize mfamasia.

Sasa ya jikoni, ambayo ndiyo bibi na majirani watayaleta. Sumu imekwisha kuingia chini ya ngozi, hivyo kinachopakwa juu hakiifikii wala hakiiui; kikisaidia sana kinapoza tu. Beking soda, kijiko kimoja cha chai na matone ya maji mpaka iwe uji mzito, paka dakika 15 kisha osha. Usiibadilishe kwa magadi ya kulainishia maharage, ni makali na huchoma ngozi ya mtoto. Ute wa mshubiri unafaa ukiacha kwanza yale maji ya njano yachuruzike, maana yanawasha. Asali haina neno kwa mtoto mkubwa, lakini aliye chini ya mwaka mmoja asipakwe: atalamba, na asali kwa umri huo inaweza kumletea sumu inayolegeza misuli. Ndimu kisha jua huacha madoa na hata malengelenge. Mafuta ya taa, dawa ya meno na kuchanja kwa wembe ni kuongeza jeraha juu ya jeraha.

Kazi kubwa ya mzazi ni kumtazama mtoto kwa saa moja hadi mbili za mwanzo. Uvimbe pale alipoumwa kwa kawaida si hatari. Hatari ni dalili za mbali na pale: vipele mwili mzima, midomo au ulimi kuvimba, sauti kukwama, kifua kulia, kutapika, kulegea au kuzimia. Hapo anahitaji sindano ya adrenalini pajani, haraka, cetirizine haitoshi. Mlaze chali, miguu juu. Akihema kwa shida mwache aketi, akitapika mlaze ubavu. Asisimame wala kutembea, kwani anaweza kuzimia ghafla. Ndiyo maana bodaboda ni usafiri wa mwisho kabisa: tafuta gari ambalo atalala, na mtu mwingine apige simu mbele kuuliza kama kituo kina adrenalini.

Nenda hospitali pia, hata akionekana mzima, akiumwa mdomoni, kooni au jichoni, au akiwa na alama zaidi ya 10. Sumu nyingi huvunja misuli na kuziba figo, na dalili huweza kuja siku inayofuata: mkojo mchache, wa rangi ya chai ya rangi.

Uvimbe wa kawaida hukua hadi siku ya pili, na mkono mzima kuvimba bila homa mara nyingi ni mwili kupambana na sumu, si usaha. Antibayotiki za dukani hazina kazi hapo. Maumivu yakianza kuzidi baada ya siku ya tatu, pakawa na joto, usaha au homa, mpeleke akaangaliwe, maana huenda amejikuna mpaka pakaingia vijidudu. Kata kucha zake siku ileile ya kwanza.