SOMO: Kuomba shahada ya tamthilia ya muziki Marekani ukiwa umelelewa kwaya

Wakuu, naandika kwa ajili ya wale waliotokea nilikotokea mimi: kwaya ya parokia, sauti ya tatu, hakuna mwalimu wa dansi mtaani. Shahada ninayoizungumzia ni ya michezo ya jukwaani ambamo mtu yule yule anaigiza, anaimba na kucheza.

Hatua ya 1: Jua unaomba nini. Kuna BFA (Bachelor of Fine Arts) na kuna BA (Bachelor of Arts), zote miaka minne. Kwenye BFA, sehemu kubwa ya vipindi ni uimbaji, uigizaji na dansi. BA inakuachia nafasi ya kusoma mengine, hata fani ya pili. Vyuo vikuu vya Michigan, Cincinnati na Carnegie Mellon wana BFA zinazogombaniwa sana, na darasa la mwaka mmoja ni dogo. Ukiomba hizo tatu peke yake umecheza bahati nasibu. Changanya na vyuo visivyo na jina kubwa.

Hatua ya 2: Hesabu miezi kurudi nyuma. Masomo huanza Agosti au Septemba. Usaili ni Januari na Februari, na video za mchujo hutakiwa kabla ya hapo, nyingi kati ya Oktoba na Desemba. Fomu ya pamoja ya maombi, Common App, hufunguliwa 1 Agosti ya mwaka unaotangulia. Kwa hiyo anayeanza kuomba baada ya kumaliza kidato cha sita Mei hawezi kuondoka mwaka huo huo. Mwaka wa katikati utumie kwa Hatua ya 3.

Hatua ya 3: Nyimbo. Hapa ndipo wanakwaya tunapoanguka. Kwaya inakufundisha kuzamisha sauti yako ndani ya sauti za wenzako. Ukisikika wewe peke yako, mwalimu anakukata jicho. Usaili unataka kinyume chake. Video yangu ya kwanza niliimba bila kukosea hata nota moja, mikono imebana mapajani, macho yanamtafuta mwalimu wa kwaya ambaye hayupo. Rafiki yangu akaniuliza, "Sasa hapo unamwambia nani?" Sikuwa na jibu.

Basi kabla ya kufungua mdomo, jibu: mimi ni nani kwenye mchezo huu, naongea na nani, nataka anifanyie nini? Usome mchezo wote, usiishie kwenye wimbo. Kisha yasome maneno ya wimbo kama maongezi, bila muziki, mpaka yasikike kama unamsihi mtu kweli.

Vyuo vingi hutaka nyimbo mbili zinazotofautiana, kila moja kipande cha sekunde 60 hadi 90: mmoja wa zamani, mwingine wa miaka ya karibuni. Kwenye usaili wenyewe unaweza kuambiwa uimbe vipimo 16 tu, yaani vile vyumba vinavyotengwa na mistari ya wima kwenye nota. Kama umezoea solfa (do, re, mi), anza leo kujifunza nota za mistari, kwa sababu mpiga kinanda wa kule solfa haimsaidii. Weka alama wazi za mwanzo na mwisho. Kasi mwonyeshe kwa kumwimbia mstari wa kwanza kwa sauti ya chini, kwa kasi unayoitaka, wala usimpigie vidole.

Hatua ya 4: Maigizo na dansi. Andaa vipande viwili vya kusema peke yako, vya wahusika wa rika lako. Usiigize bibi wa miaka 70. Dansi nimeijibia kwenye maswali hapo chini.

Hatua ya 5: Video. Simu inatosha. Igeuze ikae kwa upana, simama kwenye mwanga wa dirisha, wimbo mmoja urekodiwe mfululizo bila kukatakata. Jogoo wa jirani ameharibu rekodi zangu nne.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, sijawahi kusoma baleti hata siku moja. Nijitoe?*
Usijitoe. Wanaangalia unavyoshika hatua mpya na kama unaendelea ukikosea. Ila tafuta hata miezi sita ya darasa lolote la dansi. Ngoma za asili zinahesabika: anayejua kuisikiliza ngoma kwa miguu ana kitu.

*Kaka, lafudhi yangu ya Kitanga nifanyeje?*
Iache. Matamshi utafundishwa chuoni. Hakikisha maneno yanasikika tu.

*Ni lazima nisafiri kwenda usaili? Nauli sina.*
Kuna usaili wa pamoja New York, Chicago na Los Angeles, lakini vyuo vingi hukubali wa mtandaoni. Andikia kila chuo uulize.

*Mwanangu amepata nafasi, ada ndiyo mtihani. Atafanya kazi kule?*
Mama, kazi haitalipa ada. Viza ya mwanafunzi, F-1, inaruhusu kazi ya chuoni, mwisho saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Na chuo hakitoi fomu ya I-20, ambayo bila hiyo hakuna viza, mpaka muonyeshe fedha za mwaka wa kwanza. Kabla hajakubali nafasi, nendeni EducationUSA, ofisi ya serikali ya Marekani inayoshauri wanaotaka kusoma kule, Dar es Salaam au Nairobi. Ushauri wao ni bure. Pengo likibaki kubwa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Kenyatta wana sanaa za maonyesho, na TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo) wana stashahada. Sauti yake ataipeleka huko huko, na walimu wa ngoma wa Bagamoyo hatawapata Ohio, Marekani.