SOMO: Seva ya hifadhidata inaanguka na unashuku kwiri? Pitia hapa kabla hujauliza

Naandika mara moja ili nikitajwa tena nibandike kiungo niendelee na kazi zangu. Swali huwa lile lile: "Mkuu, hifadhidata inazima, inawaka, inazima tena, niongeze RAM?" Mimi sijui, na wewe hujui, maana hakuna kati yetu aliyefungua logi (faili ambamo seva huandika matukio yake).

Hapa tunaongelea PostgreSQL na MySQL/MariaDB kwenye Linux, na ajali ya aina moja tu: kwiri (ombi la SQL linalotumwa kwa hifadhidata) isiyo na kosa la kisarufi inaingia, inagonga bagi (kasoro ya programu) ndani ya seva yenyewe, seva inakufa. Kwiri inayochelewa au inayofunga jedwali ni somo jingine. Na tuelewane mapema: kwiri hata iwe ya hovyo kiasi gani, haipaswi kuangusha seva. Ikiwa mbovu irudishiwe ujumbe wa kosa, basi. Kwa hiyo acheni kumsakama aliyeiandika.

Hatua ya 1. Nakili logi kando kabla haijazungushwa, yaani kabla faili jipya halijachukua nafasi yake. Usifute chochote, usisakinishe upya.

Hatua ya 2. Soma namba ya signali (ishara ya mfumo iliyoua mchakato; PID ni namba ya mchakato huo). PostgreSQL huandika hivi:

`server process (PID 4821) was terminated by signal 11: Segmentation fault`

Kwenye MySQL na MariaDB tafuta maneno `got signal`. Namba 11 ni kwamba programu imegusa kumbukumbu isiyo halali. Huyu ndiye mteja wetu mkubwa. Namba 6 ni seva kujiua yenyewe baada ya kukuta hali ambayo walioiandika waliamini haiwezi kutokea. Inaweza kuwa bagi, inaweza kuwa data iliyoharibika. Namba 9 ni seva kuuawa kutoka nje (MySQL na MariaDB hawawezi kuiandika, logi hukatika tu), na mara nyingi muuaji ni keneli, kiini cha Linux, baada ya RAM kuisha. Hakikisha kwa `journalctl -k | grep -i "killed process"`. Ukiikuta hapo, somo hili si lako.

Hatua ya 3. Ipate kwiri yenyewe. PostgreSQL huitaja kwenye mstari wa `Failed process was running`, MySQL na MariaDB huitaja chini ya `Query`. Tatizo ni kwamba kwiri ndefu hukatwa (PostgreSQL huishia kwenye baiti 1024 hivi), na yenye vigezo utaiona na `$1` badala ya thamani. Wengi hapo hukimbilia logi ya kwiri za polepole. Hutaikuta humo! Logi ile huandikwa kwiri ikimaliza, na hii haikumaliza. Vivyo hivyo `log_min_duration_statement` ya PostgreSQL. Unachotaka ni logi inayoandika kwiri inapopokelewa: `general_log` kwa MySQL/MariaDB, `log_statement = 'all'` kwa PostgreSQL. Washa, subiri ianguke, zima, kwa sababu hujaza diski haraka sana. Na usichukue tu mstari wa mwisho kwenye logi. Seva ina wateja wengi kwa pamoja. Linganisha PID, au `Connection ID` iliyotajwa kwenye ripoti ya ajali.

Hatua ya 4. Ziba njia isirudi. Programu nyingi zikikatwa hujaribu tena zenyewe, yaani zinarusha kwiri ile ile kwenye seva iliyotoka kuwaka. Simamisha ripoti husika au kazi ya kroni (inayojiendesha kwa ratiba). MariaDB inayokufa kila ikiwaka, iwashe na `--event-scheduler=OFF`; kama ni replika (seva inayonakili seva kuu), ongeza `--skip-slave-start`.

Hatua ya 5. Irudie ajali mahali pengine. Hapa ndipo watu hupoteza wiki nzima, someni taratibu.

Usiijaribu kwiri kwenye seva ya kazi "kuthibitisha tu". Kwenye PostgreSQL mchakato mmoja ukifa kwa signali 11, seva huwakata wateja WOTE, kwa sababu kumbukumbu wanayoshirikiana haiaminiki tena, kisha inaingia kwenye urejeshaji. MySQL ni mchakato mmoja wenye nyuzi nyingi, kwa hiyo wote wanakwenda nao. Uthibitisho wako unalipiwa na kila mtu aliyekuwa katikati ya kazi.

Basi unajenga seva ya majaribio, unaweka majedwali yale yale na mistari michache ya mfano, unaendesha kwiri, inapita vizuri kabisa. Unatangaza kwamba tatizo ni vifaa. Sivyo. Seva haitekelezi kwiri jinsi ulivyoiandika; kipangaji huchagua njia kulingana na ukubwa wa majedwali na takwimu zake. Jedwali dogo litasomwa lote moja kwa moja, wakati kwenye seva ya kazi kulikuwa na hashi, nyuzi sambamba na jedwali la muda katikati. Bagi inakaa kwenye njia moja, na wewe umepita nyingine. Kwa hiyo:

- Toleo liwe lile lile hadi tarakimu ya mwisho. "Zote ni 10.6" haitoshi.
- Mipangilio nakili yote, hata ile unayodhani haihusiki.
- Data ichukuliwe kwa nakala ya mafaili yenyewe (`pg_basebackup`, `mariadb-backup`), si kwa kuimwaga kama SQL na kuirudisha.
- Kwiri iende kwa njia ile ile inayotumwa na programu. Nitarudi hapa kwenye maswali, najua yatakuja.

Hilo la nakala lina faida ya pili. Ukimwaga kama SQL na kurudisha, indeksi zote zinajengwa upya. Kama ajali inatokea kwenye nakala ya mafaili lakini inatoweka kwenye data iliyorudishwa, una washukiwa wakuu wawili: takwimu zimebadilika, au kuna indeksi iliyooza. Linganisha mipango kwa `EXPLAIN`, kisha kagua kwa `pg_amcheck` (kuanzia PostgreSQL 14) au `CHECK TABLE`. Huyu wa pili, `CHECK TABLE`, fanya kwenye nakala pekee: InnoDB (injini ya kuhifadhi data ya MySQL na MariaDB) ikikuta ukurasa ulioharibika inaweza kuiangusha seva makusudi.

Hatua ya 6. Endesha `EXPLAIN` ya kwiri hiyo. Ikianguka hapo, bagi iko kwenye kipangaji. Ikipita halafu kwiri yenyewe ikaangusha, iko kwenye utekelezaji.

Hatua ya 7. Zima mbinu moja moja, ndani ya sesheni yako. PostgreSQL anza na `SET jit = off;` (jit, yaani kugeuza sehemu za kwiri kuwa msimbo wa mashine papo hapo, huwaka yenyewe tangu toleo la 12), kisha `SET max_parallel_workers_per_gather = 0;`, kisha `enable_hashjoin`, `enable_memoize` na wenzao. MySQL na MariaDB wana `optimizer_switch`, orodha ya swichi za kipangaji. Chukulia kwiri ya umbo hili:

`SELECT * FROM (SELECT mteja_id, SUM(kiasi) AS jumla FROM mauzo GROUP BY mteja_id) t WHERE t.jumla > 100 AND t.mteja_id IN (SELECT id FROM wateja WHERE hali = 1);`

Humu mna sehemu mbili za kushuku. Sharti la nje linaweza kusukumwa ndani ya jedwali la `t`, na `IN` inaweza kugeuzwa kuwa muungano. Kwenye MariaDB jaribu `SET SESSION optimizer_switch='condition_pushdown_for_derived=off';`, ikiendelea kuanguka rudisha hiyo, zima `semijoin`. Moja kwa wakati! Ukizima tano pamoja ikapona, hujajua kitu. Swichi iliyoponya ndiyo dawa yako ya muda.

Hatua ya 8. Ipunguze. Ondoa safu, ondoa `ORDER BY`, ondoa jedwali moja, endesha. Bado inaangusha? Endelea. Imeacha? Rudisha ulichotoa mwisho. Kwiri ya kurasa mbili mara nyingi huishia mistari minne.

Hatua ya 9. Pata ramani ya mwito (backtrace: orodha ya sehemu za programu zilizoitana hadi ajali). Weka `LimitCORE=infinity` kwenye huduma kwa `systemctl edit`, sakinisha alama za utatuzi (debug symbols) za toleo lako, ajali ikitokea endesha `coredumpctl gdb` kisha `bt full`.

Hatua ya 10. Panda hadi toleo dogo la mwisho la tawi lako, ujaribu tena. PostgreSQL hutoa matoleo madogo walau kila miezi 3, na kwenye taarifa za usalama za Oracle za kila robo mwaka, kipengele cha `Server: Optimizer` cha MySQL hakikauki. Uwezekano ni mkubwa bagi yako ina mwenyewe na imeshazibwa. Kama bado ipo, ripoti.

---

MASWALI YA WANACHAMA

jedwali_tupu: Mkuu shukrani kwa somo. Yangu inazima kila baada ya muda, shida nini?

Mwandishi: Hatua ya 2. Namba gani?

jedwali_tupu: Sijaangalia, ila nahisi ni RAM.

Mwandishi: Hisia hazina PID.

nusu_indeksi: Mimi nimeangalia, ni 9, na keneli imekiri. Lakini inatokea kwa kwiri moja tu, si ndiyo bagi?

Mwandishi: Swali zuri. Kwa kawaida si bagi. `work_mem` ya PostgreSQL si kikomo cha kwiri wala cha mteja, ni cha kila operesheni ndani ya mpango. Kwiri yenye kupanga na hashi kadhaa, ukizidisha kwa idadi ya watendaji sambamba, inaweza kula kiwango hicho mara nyingi. Ishushe kwa sesheni hiyo uone. Pia weka `vm.overcommit_memory = 2`, ili kumbukumbu ikikosekana kwiri ipate ujumbe wa kosa badala ya keneli kuchagua wa kumchinja.

bosi_wa_kroni: Hatua kumi zote za nini? Weka `Restart=always`, seva inajiwasha, maisha yanaendelea.

Mwandishi: PostgreSQL hujiwasha yenyewe hata bila hiyo, `restart_after_crash` imewashwa tangu mwanzo. Tatizo halijawahi kuwa kuwaka. Tatizo ni miamala iliyokatwa kila mara, na muda wa urejeshaji. Ukiona hatua kumi ni nyingi, hakuna aliyekushika.

safu_ya_tano: Samahani mwalimu, mimi nina jambo linanichanganya. Kwiri ninayo, nakala ya mafaili ninayo, toleo ni lile lile. Nikiendesha kwa mkono inapita kila mara. Programu ikiituma, MariaDB inakufa. Tofauti ni nini?

Mwandishi: Dada/kaka, wewe umesoma. Programu yako karibu hakika inatuma kwiri iliyoandaliwa kabla (prepared statement: inaandaliwa mara moja, inaendeshwa mara nyingi). Kwenye MariaDB na MySQL kuna familia nzima ya bagi za utekelezaji wa PILI: mara ya kwanza kipangaji kinageuza umbo la kwiri, kinasahau kurudisha kitu mahali pake, mara ya pili kinakanyaga mabaki. Jaribu hivi:

`PREPARE s FROM 'SELECT ...'; EXECUTE s; EXECUTE s;`

Ndani ya taratibu zilizohifadhiwa ni hivyo hivyo, iite mara mbili kwenye sesheni moja. Wa PostgreSQL mjue kwamba kwiri iliyoandaliwa hupangwa upya mara 5 za mwanzo, baada ya hapo seva inaweza kuhamia mpango wa jumla. Ajali ya mara ya sita inatoka hapo. Huna haja ya kuhesabu, weka `SET plan_cache_mode = force_generic_plan;`.

safu_ya_tano: Imeanguka kwenye EXECUTE ya pili! Sasa programu si yangu, siwezi kugusa msimbo wake. Swichi ya sesheni naiwekaje?

Mwandishi: Safi sana. PostgreSQL ingekuwa rahisi, `ALTER ROLE jina SET jit = off;` na kila sesheni ya mtumiaji huyo inaipata. Kwako kuna `init_connect`, ila haiendeshwi kwa mtumiaji mwenye mamlaka ya juu, na programu nyingi huunganishwa hivyo kimakosa. Angalia haki zake kwanza.

lango_kuu: Naongezea: mwenye ProxySQL (programu inayokaa kati ya wateja na seva) mbele anaweza kuweka kanuni kwenye `mysql_query_rules` yenye `match_digest` na `error_msg`. Kwiri ile inarudishiwa kosa bila kufika kwenye seva.

Mwandishi: Hii nzuri, ya usiku wa dharura. Ila kwa kwiri iliyoandaliwa ijaribu kwanza kwenye toleo lako.

jedwali_tupu: Nimepata namba, ni 11. Nabandika faili lote la ajali (core dump) hapa mlitazame?

Mwandishi: USIBANDIKE. Faili hilo ni nakala ya kumbukumbu ya mchakato uliokufa: mistari ya wateja, pengine na nywila. Bandika `bt` peke yake, na hata humo futa thamani zilizo ndani ya kwiri. Pia kama mtumiaji wa kawaida, bila mamlaka yoyote, anaweza kuiangusha seva kwa kwiri hiyo, huo unaweza kuwa udhaifu wa kiusalama. PostgreSQL wao huihesabu ajali ya SQL halali kutoka kwa mtumiaji aliyeingia kihalali kuwa bagi ya kawaida; ukishuku ni zaidi ya hapo, waandikie kimyakimya security@postgresql.org. Usiuanike hapa.

mti_wa_ORu: Yangu ni ya ajabu kidogo. Maktaba tunayotumia inazalisha `OR` ndani ya `OR` maelfu kwa maelfu. PostgreSQL ilikuwa inarudisha `stack depth limit exceeded`, mwenzetu akaongeza `max_stack_depth`, sasa haileti kosa, inakufa kwa 11.

Mwandishi: Mmeondoa breki. Chaguo-msingi ni 2MB, na seva hutumia thamani hiyo kujua isimame wapi kabla ya kufika ukingoni. Ukingo wenyewe unawekwa na keneli, uone kwa `ulimit -s` ya huduma ile, si ya ganda lako. Rudisheni `max_stack_depth` iwe chini ya huo, mkiacha nafasi ya megabaiti moja hivi. Halafu mweke zile thamani kwenye orodha moja (array), `WHERE id = ANY($1)`, msongamano wote wa `OR` unaondoka.

mti_wa_ORu: `ulimit -s` ya huduma ni 8192, mwenzetu aliweka 7680kB.

Mwandishi: Basi ndiyo hiyo, mmebakiza nusu megabaiti tu. Weka 7MB, au irudishe 2MB kabisa mkishabadilisha kwiri.