Kuwasha OSPF kwenye swichi ya Cisco Catalyst

Tuchukue swichi mbili, SW1 na SW2, zilizounganishwa kwa poti Gi1/0/24. Nyuma ya SW1 kuna VLAN 10 (kundi la poti lililotengwa ndani ya swichi) yenye mtandao 192.168.10.0/24. Tunataka SW2 iujue mtandao huo bila mtu kuandika njia kwa mkono; hiyo ndiyo kazi ya OSPF, itifaki ambayo vifaa huitumia kuambizana njia.

Kwenye SW1:

```
ip routing
interface vlan 10
 ip address 192.168.10.1 255.255.255.0
interface Gi1/0/24
 no switchport
 ip address 10.0.0.1 255.255.255.252
 ip ospf network point-to-point
router ospf 1
 router-id 1.1.1.1
 auto-cost reference-bandwidth 10000
 passive-interface default
 no passive-interface Gi1/0/24
 network 10.0.0.0 0.0.0.3 area 0
 network 192.168.10.0 0.0.0.255 area 0
```

SW2 ni vivyo hivyo: poti yake ipe 10.0.0.2 na router-id (kitambulisho chake ndani ya OSPF) 2.2.2.2, kisha usiandike mistari ya VLAN 10. Namba 1 baada ya `router ospf` ni ya ndani ya swichi, si lazima ilingane. Area, yaani eneo la OSPF ambalo kiungo kimo, ndiyo lazima ilingane.

Ukiruka `ip routing`, swichi itagoma: "IP routing not enabled". Ukisahau `no switchport`, poti haitapokea anwani. Hiyo 0.0.0.3 ni maski iliyogeuzwa: 255.255.255.255 toa 255.255.255.252. Kwa mistari ya passive, VLAN 10 bado inatangazwa lakini hello (pakiti za OSPF za kutafuta majirani) haziendi kwa kompyuta za watumiaji, na hakuna anayeweza kuchomeka ruta yake ukutani ikawa jirani wa OSPF. Auto-cost iweke kwenye swichi zote, la sivyo poti ya Mbps 100 na ya Gbps 10 zote zitahesabiwa gharama 1 (OSPF huchagua njia yenye gharama ndogo).

Sasa `show ip ospf neighbor`. Unachotafuta ni FULL, yaani ujirani umekamilika. Kisha kwenye SW2, `show ip route ospf` itoe 192.168.10.0/24 yenye [110/20] (110 ni namba ya OSPF yenyewe, 20 ni jumla ya gharama) kupitia 10.0.0.1, kama viungo ni vya Gbps 1.

Jirani asipoonekana kabisa, linganisha area na saa za hello: kawaida ni sekunde 10, na 40 za kumhesabu jirani amekufa.

Linalosumbua zaidi ni jirani kuganda kwenye EXSTART, hatua ya kabla ya FULL. Hapo karibu kila mara ni MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti ambao poti inakubali. Hello ni pakiti ndogo, zinapita bila shida. Zikianza pakiti za kubadilishana orodha, kila upande hutaja MTU yake, na mwenye ndogo humkataa mwenye kubwa. Angalia `show ip interface Gi1/0/24` pande zote mbili, uzisawazishe. Amri ya `ip ospf mtu-ignore` huficha tatizo tu. Pakiti kubwa zitaendelea kupotea njiani.

Kuna na hili la hila: FULL ipo, njia hazipo. Upande mmoja umewekwa aina ya mtandao point-to-point (kiungo cha wawili tu), mwingine umeachwa broadcast (aina ya kawaida ya Ethernet). Saa zao zinafanana, kwa hiyo wanakubaliana ujirani lakini hesabu ya njia inakwama.

Na kama VLAN 10 pekee ndiyo haifiki SW2, huenda hakuna hata poti moja ya VLAN hiyo iliyo hai. Chomeka kompyuta moja, uangalie tena, halafu `write memory`.