Kufufua gari kuukuu la mbio za dragi kwa pesa ya kuungaunga: mfano wa Corolla KE70

Mbio za dragi ni mita 402, njia iliyonyooka, magari mawili yanaondoka kutoka kusimama. Gari la kazi hii linatakiwa kuondoka, kuvuta na kusimama, basi. Nalisema hili mapema kwa sababu vijana wengi wanaoleta magari makuukuu gereji wanaanza na injini, na hela ikikata gari linabaki na nguvu bila breki. Hapa tunakwenda kwa mpangilio mwingine: injini inakuja katikati, na hela yake ndiyo tunayoibana.

Natumia mfano wa Toyota Corolla KE70, toleo lililoanza mwaka 1979. Ni jepesi, linasukuma kwa magurudumu ya nyuma, na injini yake ya 4K yenye cc 1290 inajulikana na kila fundi wa zamani hapa Mwanza, kuanzia Mabatini hadi Igoma. Ukiwa na Datsun ya miaka ile, hatua nyingi ni hizihizi.

Hatua ya 1: Kagua bodi kabla hujatoa hata shilingi

Chomoa sumaku kwenye spika mbovu ya redio, ivishe kitambaa, uipitishe taratibu juu ya bodi. Ikiacha kunata, chini ya rangi kuna pati, yaani udongo wa kuzibia mashimo ya bodi. Pati kwenye mlango haina shida. Pati chini ya gari ni habari nyingine.

Ingia uvunguni na bisibisi bapa. Bonyeza kwa ncha chini ya miguu ya dereva, kwenye vizingiti vya milango, na hasa pale mikono ya ekseli ya nyuma inapofungwa kwenye bodi, maana nguvu yote ya kuondoka inapitia hapo. Chuma kizima kinagonga kavu na bisibisi inarudi. Kilichooza kinatoa sauti butu, unga mwekundu unamwagika, ncha inazama. Hapo kata hadi ukutane na chuma cheupe, kisha chomelea bati lenye unene usiopungua ule wa awali. Mwenye gari akikuambia “ni kutu ya juujuu tu, mkuu,” mpe bisibisi abonyeze mwenyewe.

Gari lililozeekea Mwanza lina nafuu, kwa kuwa ziwa letu ni la maji baridi na upepo wake hauna chumvi. Lililotoka Dar au Tanga likague mara mbili.

Kabla ya kuchomelea chochote, toa waya za betri, shusha tangi la mafuta na ulipeleke mbali. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu kinacholipuka ni mvuke.

Hatua ya 2: Punguza uzito

Hii ndiyo nguvu ya bure. Toa kiti cha nyuma, mazulia, tairi la spea, jeki, hita, na lami ile ya kuzuia kelele iliyobandikwa sakafuni. Watu wa dragi hukadiria kwamba kila kilo 45 unazotoa zinapunguza kama sehemu moja ya kumi ya sekunde kwenye mita 402. Kununua muda huohuo kwa spea za injini utalia. Mikanda ya viti, kioo cha mbele na breki ya mkono usiviguse. Kiti cha nyuma kikiwa kizima kiuze, kinarudisha hela ya pedi.

Hatua ya 3: Breki

Raba zote, mipira ya mafuta na mafuta yenyewe viwe vipya, visiwe vya mtumba. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na yale yaliyokaa miaka ndani ya gari yatachemka siku unayoyahitaji.

Hatua ya 4: Injini

Pima kompresheni kwanza, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, kwa geji yake. Injini ikiwa ya moto, toa plagi zote, kata umeme wa koili, kanyaga akseleta hadi mwisho, piga staata. Silinda nne zisipishane zaidi ya baa 1 (baa ni kipimo cha mgandamizo). Iliyo chini itilie kijiko cha oili kupitia tundu la plagi, upime tena. Ikipanda, ringi za pistoni zimekwisha. Isipopanda, angalia valvu au gasketi ya heda (kichwa cha injini).

Kama 4K imechoka, mimi sishauri kuitoboa ovasaizi, yaani kupanua silinda ili ziingie pistoni kubwa. Tafuta injini ya 5K kutoka LiteAce au TownAce iliyokatwa kwa spea: cc 1486, ukoo uleule, na gia boksi yako inakubali. Linganisha sampu (bakuli la oili chini ya injini) na bomba la kunyonya oili kabla ya kufunga. Mara nyingi inabidi uhamishe vya Corolla.

Sasa jambo la kwetu. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar kwa karibu asilimia 12. Injini isiyo na tabo (feni ya kusukuma hewa ndani ya injini) inapoteza nguvu kwa kiasi kama hicho, hilo halina dawa. Lakini kabureta iliyosetiwa pwani itamwaga petroli nyingi kupita kiasi. Shuka saizi moja ya jeti kuu (kitundu cha kupitishia petroli ndani ya kabureta), kisha plagi zikuongoze: nyeusi yenye masizi, petroli imezidi, nyeupe, imepungua na pistoni iko hatarini, kahawia, acha hapohapo. Tundu la jeti usilichokonoe kwa waya.

Hatua ya 5: Difu na propela

Kujua uwiano wa difu (gia za ekseli ya nyuma) bila kuifungua, inua gurudumu moja tu la nyuma, weka gia huru, zuia magurudumu mengine kwa mawe (Mwanza hayajawahi kuadimika). Zungusha gurudumu hilo mara 2 kamili huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma). Ikizunguka mara 4 na ushei kidogo, ni kama 4.1. Namba kubwa inaondoka vizuri zaidi.

Kuchomelea gia za ndani za difu, ili magurudumu yote mawili yasukume sawa, ni njia ya maskini na inafanya kazi. Ukishafanya hivyo, gari si la barabarani tena; kwenye kona litabishana na sukani.

Funga kitanzi cha chuma kuzunguka propela, upana milimita 50, unene 6, ndani ya inchi 6 kutoka jointi ya mbele. Jointi ikikatika bila kitanzi, propela inaweza kuchimba chini na gari likapinduka. Rolba (upinde wa bomba la chuma unaomlinda dereva gari likipinduka), kwa kanuni za NHRA, chama cha mbio za dragi cha Marekani, inadaiwa kuanzia sekunde 11.49 kushuka chini. 5K ya kabureta haifiki huko, hela hiyo ielekeze kwenye helmeti.

Hatua ya 6: Matairi

Mbio nyingi huamuliwa kwenye mita 18 za mwanzo. Nunua matairi mawili mazuri ya nyuma, ya mbele yawe membamba. Anza na upepo wa kawaida, punguza kidogokidogo hadi alama nyeusi iliyobaki chini iwe sawa pembeni na katikati.

Hatua ya 7: Majaribio

Usijaribie Nyerere Road wala njia ya uwanja wa ndege usiku. Tafuta uwanja uliofungwa wenye ruhusa. Mara ya kwanza washa tu, injini ipate moto, zima, iache ipoe kabisa, kisha kaza upya bolti za heda kwa spana ya kupimia. Washa tena, na ikiwa ya moto seti nafasi za valvu: milimita 0.20 kwa za kuingiza, 0.30 kwa za kutolea. Kama 5K yako ni ile ya tapeti za oili (zinazojirekebisha zenyewe), valvu hizo hazisetiwi kwa geji, ziache.