Kuhamisha deni la kadi: hesabu niliyomfanyia mwana wa kaka yangu

Saa tatu usiku hapa Nakuru, wakati wa msimu wa theluji, kule Minnesota, Marekani, huwa saa sita mchana. Ndiyo saa ya mapumziko kazini kwa mwana wa kaka yangu, na ndiyo saa aliyonipigia Januari.

"Shangazi, nimeletewa barua na benki. Wanasema nikilihamishia kwao deni la kadi yangu ya mkopo, sitalipa riba miezi 21. Ni kweli ama ni mtego?"

Ni kweli. Nilikaa Marekani miaka tisa nikihudumia wazee kabla ya kurudi hapa mtaani Section 58, na barua za aina hiyo nilizipata nyingi. Moja niliifuata vibaya, nikaumia. Kwa hiyo nilimwambia achukue kalamu, nami nikachukua daftari langu. Niliyomweleza usiku ule ndiyo haya, kwa yeyote mwenye mtoto, ndugu au deni lake mwenyewe huko.

Mpango wenyewe uko hivi. Unaomba kadi mpya katika benki nyingine. Ni lazima iwe nyingine, kwa sababu benki kwa kawaida hazikubali uhamishe deni kutoka kadi yao moja hadi kadi yao nyingine. Ukikubaliwa, benki mpya inamlipa anayekudai, na sasa unadaiwa na hiyo mpya. Kwa muda uliotajwa, mara nyingi kati ya miezi 12 na 21, riba ni sifuri. Siku muda unapoisha, kilichobaki kinaanza kutozwa riba ya kawaida, ambayo kwa kadi za huko mara nyingi hupita asilimia 20 kwa mwaka.

Siku ya kwanza kabisa unatozwa ada ya uhamisho, kwa kawaida asilimia 3 hadi 5 ya deni. Hulipi mfukoni, inaongezwa juu ya deni. Watu wanaisahau kwa sababu hawakuiona ikitoka.

Sasa hesabu. Kijana wetu alikuwa na deni la dola 6,000 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka, yaani 2 kwa mwezi. Nilimuuliza anaweza kulipa ngapi kila mwezi bila kukosa, baada ya nyumba, gari, na pesa anazomtumia mama yake kule Njoro. Akasema 320. Akibaki na kadi ya zamani na kulipa 320 kila mwezi, atamaliza baada ya miezi 24 hivi, na riba peke yake itakuwa karibu dola 1,600.

Alikuwa na barua mbili. Ya kwanza: ada ya asilimia 3, miezi 15 bila riba. Ya pili: ada ya asilimia 5, miezi 21. Mimi niliamini papo hapo kwamba ya miezi 21 ndiyo nafuu. Daftari likanikatalia.

Kwa barua ya pili, deni linakuwa 6,300. Akilipa 320 anamaliza mwezi wa 20, na gharama yote ni ile ada ya dola 300. Kwa barua ya kwanza, deni linakuwa 6,180. Miezi 15 ikiisha atakuwa amelipa 4,800, abaki na 1,380. Hiyo ikianza kutozwa asilimia 2 kwa mwezi naye aendelee na 320 zake, riba haifiki dola 80. Jumlisha na ada ya 180, unapata karibu 260. Kwa hiyo ya miezi 15, ingawa hamalizi ndani ya muda, ni nafuu kwa dola 40 hivi! Nilirudia mara mbili kabla ya kuamini. Akishuka hadi 300 kwa mwezi, barua hizo mbili zinalingana. Akishuka chini ya hapo, ya miezi 21 inashinda.

Ndiyo maana swali langu la kwanza ni pesa ambayo utatoa kila mwezi, pesa halisi, si ile unayotamani kutoa. Mengine yote yanafuata hapo. Mtoto huyu analipwa kwa saa, na saa zake hupunguzwa bila taarifa. Nilimshauri achukue ya miezi 21. Dola 40 ni bei ndogo kwa mtu asiyejua mshahara wa mwezi ujao.

Kabla ya kutia sahihi, soma kile kijibarua cha maandishi madogo na utafute mambo haya. Riba itakuwa ngapi baada ya muda kuisha. Una siku ngapi za kuhamisha tangu kadi ifunguliwe, maana nyingi zinatoa siku 60 au 120, na ukichelewa unapoteza ile ofa. Kisha tazama kama imeandikwa kwamba hakuna riba "iwapo utamaliza deni lote" kabla ya tarehe fulani. Maneno hayo hupatikana zaidi kwenye kadi za maduka ya fanicha na vyombo vya umeme, na ni jambo tofauti kabisa: ukibakiza hata dola moja, wanakutoza riba ya kuanzia siku ya kwanza. Hiyo usiiguse.

Kikomo cha kadi, yaani kiasi cha juu unachoweza kudaiwa, hutakijua mpaka wakukubali, na ada inahesabiwa ndani yake. Ukipewa kikomo kidogo, hamisha kinachoingia, halafu endelea kulipa kilichobaki kwenye kadi ya zamani.

Uhamisho unaweza kuchukua wiki mbili au tatu. Katika wiki hizo kadi ya zamani bado inakudai kama kawaida. Lipa. Na hata baada ya deni kuhama, utakuta imebaki riba ya siku za katikati. Yeye alikuta dola 31. Asingetazama, zingegeuka malipo yaliyochelewa.

Weka malipo yakatwe yenyewe benki kila mwezi, siku mbili baada ya mshahara. Sheria ya kadi iliyopitishwa Marekani mwaka 2009 inazuia benki kukunyang'anya riba nafuu kwa kuchelewa siku chache. Mpaka uchelewe zaidi ya siku 60. Lakini faini ya kuchelewa utatozwa mapema zaidi, na rekodi yako ya mikopo inaweza kuchafuka.

Na usinunue kitu kwa kadi mpya. Hata sabuni. Ile sifuri mara nyingi ni ya deni lililohamishwa tu, na unapobeba deni hilo, kwa kawaida unapoteza zile siku za kulipa ununuzi bila riba.

Hapa nifike kwangu. Mwaka 2016 nilihamisha dola 4,200. Nilifurahi sana siku nilipoona kadi ya zamani inasoma sifuri. Miezi minne baadaye baba alifariki. Nilikata tiketi ya ndege kwa ile kadi tupu, nikachangia mazishi kwa ile kadi tupu, na kwenye kadi mpya nikawa nalipa kile kiasi cha chini tu ambacho benki inadai kila mwezi. Miezi 15 ilipoisha nilikuwa na madeni mawili, yote yakila riba. Ilinichukua miaka mitatu ya zamu za usiku kuyamaliza. Kwa hiyo nilimwambia kijana aitoe kadi ya zamani kwenye pochi na aifute kwenye simu. Akaunti asiifunge kwa haraka, kwa sababu kuifunga kunaweza kushusha alama zake za mikopo. Aifiche tu.

Jirani yangu alisikia mazungumzo akauliza kama hapa kwetu kuna kitu kama hicho. Yeye ni mwalimu, na alikuwa na deni la kadi ya benki la shilingi 120,000 kwa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Hiyo ni 4,200 kila mwezi kabla hajagusa deni lenyewe. Hapa njia iliyo karibu na mwenye mshahara ni Sacco yake, yaani chama chake cha akiba na mikopo, kulinunua lile deni. Riba ya kwao ni asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, yaani 1,200 mwezi wa kwanza, kisha inashuka. Uliza neno hilo, "linalopungua", maana anayekutajia asilimia ndogo inayohesabiwa juu ya mkopo wote hadi mwisho anaweza kuwa ghali zaidi.

Sacco nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba yako, na wanataka wadhamini. Pia sheria ya ajira ya mwaka 2007 hairuhusu makato yapite theluthi mbili za mshahara, hivyo angalia kwanza kama una nafasi. Kwa benki, omba barua ya salio yenye tarehe, kwa sababu kila siku inayopita deni linaongezeka. Pesa itoke Sacco moja kwa moja hadi benki, isipitie kwenye simu yako. Kisha rudi benki ufunge kadi, na usiondoke bila barua inayosema hudaiwi. Jirani aliipata siku ya tatu aliyokwenda. Baada ya mwezi mmoja aliomba ripoti yake ya CRB, ofisi inayoweka rekodi za mikopo ya watu, ambayo mtu hupewa bure mara moja kwa mwaka, akalinganisha na ile barua.